Mawakili wa maji Dodoma: wanachelewesha mradi au wanauokoa?

Kwenye vikao vya maji mkoani Dodoma, wakili akitajwa, sura ya mhandisi hubadilika. Kwake yeye wakili ni zuio la mahakama. Ni mkandarasi anayefungasha mtambo wa kuchimba visima na kuupeleka Singida kwa sababu kaya tatu zimefungua shauri la mpaka. Ni fedha ya maendeleo inayokaa mpaka Juni 30 ikafika, mwaka wa fedha ukafungwa, na bomba halijalazwa hata mita moja. Nyuma ya mhandisi yuko diwani aliyeahidi maji jukwaani, naye hataki kusikia habari za kifungu wala kanuni.

Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake na nitayapa nafasi. Lakini yamejengwa juu ya picha ya wakili mmoja tu, yule wa joho anayesimama mbele ya jaji. Wakili wa maji ninayemzungumzia hapa, na wapo wachache, sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwenye masjala ya bodi ya maji ya bonde, inayotoa vibali vya kutumia maji, na kwenye jedwali la mthamini wa fidia. Akiifanya vizuri hakuna shauri litakalofunguliwa, na ndiyo maana hakuna anayemwona.

Upande wa mhandisi kwanza. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Ile ya 2022 ikakuta 765,179 katika Jiji. Katikati ya hesabu hizo serikali ilihamia kweli, jambo lililokuwa likisemwa tangu 1973. Mji uliozoea kutegemea visima vya Makutupora, maji yakisukumwa kutoka Mzakwe, ukajikuta na wizara zote, wanafunzi wa vyuo, nyumba za watumishi na mitaa mipya iliyojengwa kabla bomba halijafika. Ndiyo maana vikachimbwa visima vya Nzuguni, na ndiyo maana Bwawa la Farkwa na maji ya Ziwa Victoria yamekuwa yakitajwa bajeti ya Wizara ya Maji inaposomwa. Mtaa ukikaa siku tatu mkavu anayepigiwa simu ni mhandisi. Mama wa Nkuhungu anayenunua maji kwa dumu kutoka kwa mwenye mkokoteni hana shida na hati ya kiapo.

Vijijini ni hivyo hivyo. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliweka vipimo vinavyojulikana: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250, umbali usiozidi mita 400. Hukumu haitimizi hata kimoja kati ya hivyo. Vinatimizwa na pampu, tangi, sola na fundi aliye karibu.

Tena njia ya mahakamani imerefuka. Tangu sheria inayosimamia mashauri dhidi ya Serikali ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2020, anayetaka kuishtaki halmashauri, wakala au shirika la umma anatakiwa kutoa notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwenda Mahakama Kuu. Mvua za Dodoma huanza Desemba na kukoma Aprili. Notisi iliyotolewa Julai inakomaa Oktoba, mwezi ambao lambo limebaki tope na ng'ombe wameshahamishwa. Halafu shauri likianza linaweza kufa kwa pingamizi la awali, yaani kabla jaji hajasikia habari ya maji yenyewe.

Lipo jambo zito zaidi kuliko ucheleweshaji, na watetezi wa haki ya mazingira hawapendi kulisimulia mpaka mwisho. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga taka karibu na makazi yao, katika shauri linalojulikana kwa jina la Joseph Kessy. Walishinda, na Jaji Lugakingira alipoombwa na Jiji kuongeza muda wa kuendelea kumwaga alikataa, akaliunganisha suala hilo na haki ya kuishi iliyo kwenye Ibara ya 14 ya Katiba. Kila mwanafunzi wa sheria ya mazingira hapa nchini anaijua kesi hiyo. Taka zenyewe zilikwenda wapi? Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 Festo Balegele na wenzake 794 wakafungua shauri lao, nao wakashinda, na baadaye mzigo ukaangukia Vingunguti, ambako nako watu walikwenda mahakamani. Mahakama ilifunga dampo moja baada ya jingine bila kujenga hata moja. Mhandisi akisema kwamba hukumu huhamisha shida kutoka kwa aliye na wakili kwenda kwa asiye naye, historia hii iko upande wake.

Anaweza pia kuleta mfano wa Afrika Kusini, ambako katiba inataja haki ya maji waziwazi. Wakazi wa Phiri, Soweto, walidai lita 50 za bure kwa mtu kwa siku badala ya 25 zilizokuwa zikitolewa na Jiji la Johannesburg. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba iliwakatalia, ikasema si kazi ya mahakama kupanga idadi ya lita. Wengi huishia hapo. Ndani ya hukumu hiyo hiyo, mahakama ilitambua kwamba Jiji lilikuwa likiipitia na kuirekebisha sera yake wakati shauri likiendelea, na kwamba shauri lenyewe lilichangia mabadiliko hayo. Walioshindwa waliondoka na kitu. Kwa wakili hiyo ni kazi iliyozaa matunda, kwa mhandisi ni miaka iliyopotea, nami sioni sababu ya kumlazimisha mmoja wao aone kama mwenzake.

Sasa tuingie kwenye karatasi, maana huko ndiko haki ya maji inakopatikana au kupotea katika nchi hii. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, inasema maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma na yako chini ya Rais kama mdhamini wa wananchi. Anayetaka kuyavuta kwa kiwango kinachozidi mahitaji ya nyumbani aombe kibali kwa bodi ya maji ya bonde, ambako kuna nafasi ya wengine kuweka pingamizi. Mahitaji ya msingi ya binadamu yanatangulia mengine yote. Na ndani ya sheria hiyo hiyo kuna jambo ambalo ningependa lisomwe kwa sauti kwenye kila mkutano wa kijiji kati ya Kondoa na Manyoni: haki ya kimila ya kutumia maji ina hadhi sawa na haki iliyotolewa kwa kibali, na wenyewe wanaweza kuiandikisha.

Hadhi sawa. Jamii inayochimba visima vyake kwenye mchanga wa korongo kila kiangazi, ikajua nani anatangulia kunywesha na nani anasubiri, kisheria iko mstari mmoja na kampuni yenye kibali kilichopigwa muhuri. Tatizo ni kwamba kibali kina namba, kina ujazo, kina faili. Desturi ya kijiji ipo vichwani mwa wazee. Ofisa wa bonde anapokaa kugawa maji ya mkondo fulani anafungua faili, anahesabu ujazo uliokwisha kutolewa, kisha anaona umebaki kiasi gani wa kumpa mwombaji mpya. Visima vya mchangani havimo kwenye hesabu hiyo. Ofisa hajamwonea mtu. Amegawa kilichoandikwa mbele yake.

Kazi ya wakili wa maji inaanza hapo, na mtu wa kesi kubwa ataiona haina mvuto. Ni kukaa na serikali ya kijiji na kuandika nani anateka wapi, miezi gani, kwa mifugo mingapi. Ni kupata muhtasari wa mkutano uliosainiwa sawasawa, kutunga sheria ndogo zitakazopita halmashauri, kuangalia kibali cha kisima cha mradi kimetoka kwa jina la nani. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Na. 5 ya 2019, iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii husajiliwa na kuwa na nguvu ya kushtaki na kushtakiwa. Mwenyekiti wa chombo hicho ana hesabu za dumu, mita na bei ya umeme mezani kwake. Katiba ya chombo ameisaini siku ya usajili. Mgogoro wa kwanza ukija, kwa mfano mwekezaji wa zabibu akichimba kisima kirefu jirani, ndipo watu wanaanza kuuliza ile katiba iko wapi.

Hapa nitatumia muda mrefu kidogo, kwa sababu kuna takwimu moja ambayo kwa maoni yangu inabadilisha mjadala wote wa maji ya Dodoma na bado inazungumzwa kama mali ya wanasayansi peke yao.

Mwaka 2013 watafiti wa kimataifa na wa Tanzania walichapisha kumbukumbu za vina vya maji chini ya ardhi katika eneo la Makutupora, kumbukumbu zinazochukua miaka 55 kuanzia katikati ya miaka ya 1950. Wachache barani Afrika wana hazina ya vipimo ya namna hiyo. Walichokikuta ni kwamba hifadhi ya maji ya Makutupora haijazwi kidogo kidogo kila mwaka. Hushuka mwaka baada ya mwaka, kisha huja msimu wa mvua kubwa mno, mara nyingi unaofungamana na El Niño na hali ya Bahari ya Hindi, maji yakapanda kwa kishindo. Msimu mmoja tu wa 1997-98 ulichangia karibu moja ya tano ya maji yote yaliyoingia ardhini katika miaka hiyo 55.

Hebu tuiweke sawa hesabu hiyo. Karibu moja ya tano ya kipato cha zaidi ya nusu karne iliingia katika msimu mmoja, ule ambao wengi wetu tunaukumbuka kwa barabara na reli zilizosombwa. Matumizi nayo ni ya kila siku, na yanapanda kila nyumba inapounganishwa. Mtu anayelipwa mara moja kwa muongo na kula kila siku anahitaji utaratibu wa kugawana chakula kabla njaa haijaingia. Wahandisi wanaweza kupima kina na kutuambia maji yamebaki kiasi gani. Nani apunguze kwanza kina kikishuka hakijibiki kwa kipimo. Ni mji au mashamba ya zabibu? Ni mashine ya mita mia moja au kisima cha mkono cha mita kumi? Bila utaratibu ulioandikwa jibu huwa lile lile: anaanza kukosa mwenye kisima kifupi, kwa kuwa kina kinaposhuka yeye ndiye hukauka wa kwanza, na anayeendelea kupata ni mwenye fedha ya kushusha pampu zaidi. Hakuna aliyekaa akaamua hivyo. Imeamuliwa na urefu wa bomba.

Kibali chenye ujazo ule ule mwaka wa mvua na mwaka wa ukame kwenye ardhi ya namna hii ni karatasi inayoahidi kitu kisichokuwapo. Masharti ya kibali ndiyo yanayoweza kusema kwamba kina kikifika hapa, wa kumwagilia apunguze nusu, na kikifika pale asimame, na maji ya kunywa ya vijiji vinavyozunguka yaendelee. Masharti hayo hutungwa na mtu, na kama hakuna anayevisemea vijiji wakati wa kuyatunga, yatasema anayotaka mwombaji. Mjadala mzima wa wakili kuchelewesha mradi huliruka jambo hili. Kisima kinachimbwa kwa siku chache. Kugawana kilichomo ndani yake kunachukua maisha ya watu wawili watatu, nako kukikosewa mwanzoni hakuna pampu ya kukurekebisha.

Kuna kingine kinachotokana na tafiti za pale. Sehemu kubwa ya maji hayo huingia ardhini kupitia mchanga wa mito ya msimu, pale mafuriko yanapopita. Mchanga huo huo ndio unaopandishwa kwenye malori kujenga makao makuu. Nyumba anayoijenga mtumishi wa umma kwa mkopo na maji atakayoyahitaji akihamia vinatoka kwenye korongo moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004, inampa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kuchukua hatua pale haki hiyo inapotishiwa. Mwenye korongo, ambaye ni kijiji, hana wa kumwambia kwamba lori la mchanga na bomba lake ni kesi moja.

Nikisema hivyo sitaki nionekane nalipuuza jengo la mahakama. Masharti ya kibali yasiyoweza kudaiwa popote hayana maana, na anayekaa mezani na kijiji husikiliza zaidi akijua kijiji kina mahali pa kwenda. Dodoma ina nafasi yake katika historia ya mlango huo. Ni katika Mahakama Kuu ya hapa, kwenye shauri la Mchungaji Christopher Mtikila la mwaka 1993 kuhusu mgombea binafsi, ambapo Jaji Lugakingira, yule yule wa Tabata, alitambua kupitia Ibara ya 26(2) kwamba mwananchi anaweza kusimama kuitetea Katiba kwa ajili ya umma bila kuonyesha kwamba yeye binafsi ameumia kuliko wengine. Kwa zaidi ya miaka 25 mawakili wa haki za umma walijenga juu ya msingi huo.

Mwaka 2020 sheria inayoongoza utekelezaji wa haki za msingi ilibadilishwa. Anayefungua shauri la haki hizo akatakiwa aape ni kwa kiasi gani ukiukwaji umemgusa yeye mwenyewe. Mawakili walilalamika, na nilikubaliana nao kwa sehemu kubwa, maana shirika la wanasheria halikuweza tena kusimama kwa jina lake pale wananchi wanapoogopa. Kwenye maji, hata hivyo, aliyeguswa hatafutwi kwa kurunzi. Mwenye kisima kilichokauka yupo, ana jina, ana ng'ombe waliokufa. Anachokosa ni ulinzi. Akisaini hati ya kiapo leo, kesho atakutana na mtendaji wa kijiji kwenye foleni ya mbolea ya ruzuku. Shirika lingeweza kuubeba mzigo huo kwa niaba yake. Bila shirika anaubeba mgongoni mwake, na wakili mwenye akili atatumia miezi mingi kutafuta watu hamsini wa kusaini pamoja kuliko shujaa mmoja.

Zipo mahakama zilizofungua mlango kwa watu wa ukame. Nchini Botswana, Wabasarwa, wenyeji wa asili wa Hifadhi ya Kalahari ya Kati, walizuiwa kutumia kisima cha Mothomelo ambacho kilikuwa kimefungwa walipohamishwa mwaka 2002. Mahakama Kuu iliwakatalia mwaka 2010. Januari 2011 Mahakama ya Rufani ikawapa haki ya kukifungua na kuchimba vingine, kwa gharama zao wenyewe. Sehemu hiyo ya mwisho ni muhimu: walipewa haki, pampu wakajitafutia. Kwa hiyo wakili na mhandisi walihitajiana, kila mmoja kwa wakati wake.

Na zipo zilizoufunga. Wabarabaig wa Hanang, jirani zetu kwa upande wa kaskazini, walishinda Mahakama Kuu katika shauri la kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO, shirika la mashamba ya ngano. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hukumu hiyo. Kwa mfugaji, ardhi ya malisho ikienda, njia ya kwenda majini nayo imekwenda.

Wengine hunikumbusha Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973, uliondoa mifugo takribani 90,000 katika eneo lililomomonyoka mwaka 1979, kwa amri, bila wakili wala shauri, na vilima vikarudi kuwa kijani. Ni hoja nzuri, na waliokuwa na macho wameviona vilima. Ila gharama ya ukijani huo ililipwa na wenye mifugo peke yao, na waliofaidika walikuwa wengi zaidi yao, hata walio mbali mabondeni. Kufanikiwa kwa hifadhi hakuondoi deni.

Sasa, nani anaishi kwa kazi hii? Kijana anayehitimu sheria Chuo Kikuu cha Dodoma bado ana Shule ya Sheria mbele yake, ile ambayo matokeo yake ya 2022 yalizua kelele hadi bungeni: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Akivuka hapo ana madeni, ana wazazi, na ana benki, migodi na mirathi zinazolipa. Kijiji hakina fungu la wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria na kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2023 iliwafikisha wanasheria hadi kwenye vijiji. Foleni yao, kama mtu angetegemea, ilijaa ardhi, ndoa na mirathi. Maji hayaji kwenye meza hiyo kama maji. Huja yamevaa nguo za mgogoro wa mkulima na mfugaji.

Anayebaki ni mwanasheria wa halmashauri. Kijiji kikihitaji ushauri huelekezwa kwake. Lakini halmashauri ndiyo inayokusanya ushuru wa mchanga, ndiyo inayotaka mradi uishe kabla ya Juni, na mara nyingine ndiyo upande wa pili wa mgogoro. Simlaumu mtu huyo, mwajiri wake anajulikana. Ila kusema vijiji vina wakili kwa sababu yeye yupo ni kama kusema mgeni wa mechi ana kocha kwa sababu mwenyeji anaye.

Wapo pia waliokwenda mbali na kazi hii wakamezwa na siasa. Tundu Lissu wa Ikungi, Singida, alifanya kazi kwenye chama cha wanasheria wa mazingira, LEAT, kilichoanzishwa 1994, kabla ya kuwa mbunge mwaka 2010. Leo ukitaja sheria ya mazingira na jina la mtu wa mikoa ya kati kwa pamoja, mazungumzo yanageuka kuwa ya vyama kabla hujamaliza sentensi. Hilo limewaumiza vijana wanaotaka kufanya kazi kavu ya kuandikisha visima vya mchangani. Wanaonekana wanaharakati kabla hawajafungua mafaili.

Pendekezo langu ni la kihasibu zaidi kuliko la kiharakati. Bajeti ya kila mradi wa maji ina mstari wa upimaji wa maji chini ya ardhi kabla ya kuchimba, na hakuna mhandisi anayeuona mstari huo kuwa ucheleweshaji, kwa sababu mtambo ukichimba pakavu fedha yote imepotea. Uwepo mstari wa pili, wa upimaji wa haki: nani anatumia maji haya sasa, kwa kibali gani au desturi gani, nani atakosa. Kazi hiyo ifanywe na mwanasheria asiyeajiriwa na mwenye mradi, kwa wiki zile zile ambazo mpimaji anazunguka na vifaa vyake. Mhandisi atauliza fedha itatoka wapi. Itoke pale pale zinakotoka fedha za kulipa fidia zilizokadiriwa vibaya na mitambo iliyolala ikisubiri amri ya mahakama.

Mahali pa kuanzia pako wazi. Bwawa la Farkwa, wilayani Chemba, limepangwa kwenye Mto Bubu ili lilishe Jiji la Dodoma na wilaya jirani. Habari za wakazi wa Mombose na Bubutole waliotakiwa kupisha bwawa zimeandikwa sana, na walau wao wana jedwali la fidia linaloweza kubishaniwa mstari kwa mstari: nyumba, mazao, usumbufu, usafiri. Jedwali hilo halina mstari wa haki ya kuteka mtoni. Lakini Bubu haiishii Farkwa. Inateremka hadi mbuga ya Bahi, ambako watu wanalima mpunga kwa maji yake na kuvua samaki mbuga inapojaa. Watu hao hawahamishwi, hawathaminiwi, na hawamo kwenye orodha yoyote ya walioathirika. Bubu iko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Kati, ambayo makao yake ni Singida, wakati visima vya Makutupora viko chini ya Bonde la Wami/Ruvu, ambalo makao yake ni Morogoro. Mkulima wa Bahi anayetaka desturi yake ya maji iandikishwe kabla lango la bwawa halijafungwa kwa mara ya kwanza atatakiwa kwenda Singida akiwa na muhtasari wa kijiji, ramani ya mifereji na maelezo ya miezi anayohitaji maji, ili ujazo wake uingie kwenye hesabu kabla ya ujazo wa mji. Anahitaji mtu wa kumwandalia karatasi hizo, na anamhitaji sasa, wakati ambapo hakuna shauri, hakuna zuio, na hakuna mtambo wowote unaosubiri.